Gemu za Kuigiza: Ukipewa Mtu Badala ya Timu

Tukitaja gemu, wengi wenu mnakumbuka ule mpira wa kwenye skrini: unachagua timu, unafunga, unafungwa, unampisha mwenzio. Leo tuzungumzie aina nyingine, gemu za kuigiza. Humo hupewi timu, unapewa mtu. Unamchagulia jina, nguo, pengine hata tabia, halafu unaishi maisha yake kwa saa ishirini, hamsini, au zaidi.

Asili yake haikuhitaji umeme. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Mmoja ni msimuliaji, wengine kila mtu ana mhusika wake. Msimuliaji anasema, "Mmefika mlango wa pango, ndani kuna kitu kinanguruma. Mnafanyaje?" Wanajibu, dadu zinarushwa, hadithi inasonga. Kompyuta zilipoingia, zikaifanya kazi ya msimuliaji na ya dadu pia. Japani ikatoa Dragon Quest mwaka 1986, na Final Fantasy mwaka uliofuata.

Nyingi ni za falme za kale, mapanga na uchawi. Zipo za vyombo vya anga, za kutisha, na za maisha ya kawaida tu. Tofauti kubwa zaidi ni jinsi hadithi inavyokwenda. Nyingi za Kijapani hukupa shujaa mwenye jina lake na njia iliyonyooka kama reli. Nyingi za Marekani na Ulaya hukuachia nchi nzima uzurure. Na Afrika je? Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion, hadithi ya mfalme kijana anayepinduliwa na shemeji yake, akaenda kutafuta nguvu pamoja na mkewe.

Mimi nangojea ya Fumo Liyongo. Yaani kila kitu kimo! Gereza, tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, ngoma inayopigwa ili sauti ya chuma isisikike, na siri ya sindano ya shaba kitovuni. Sasa fikiria gemu inakupa nafasi ya mtoto wake. Mfalme anakuahidi binti yake uoe, mradi umuulize baba siri ya kifo chake. Bibi akisimulia, mtoto anauliza na baba anakufa, utake usitake. Kwenye gemu wewe ndiye unayeamua, na kukataa nako kuna gharama yake.

Hapo ndipo watu wa afya walipotega sikio. Mwaka 2008 vijana wa Nairobi waliletewa Pamoja Mtaani, gemu ya kompyuta kuhusu kujikinga na VVU. Mwaka 2017, upande wa Kisumu, ikajaribiwa Tumaini, gemu ya simu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani kwa kushirikiana na wenzao wa Kenya. Watoto 60 wa miaka 11 hadi 14 walishiriki, wengine wakipewa gemu na wengine hapana. Waliocheza kwa siku 16 waliongeza maarifa na kujiamini kuliko wenzao. Watoto 60 ni wachache, na kujua si kutenda, lakini si haba.

Gemu ndefu zina kero yake. "Ngoja nimalize hii moja" mpaka adhana ya alfajiri! Tangu mwaka 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautambua uraibu wa gemu. Hapo hazihesabiwi saa tu. Kinachoangaliwa ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia kula na masomo, na kuendelea ingawa inakuumiza, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo wiki moja ya likizo haijakufanya mgonjwa, ila usingizi unaudai.

Huna simu ya kisasa? Mkeka, dadu na watu watano vinatosha. Msimuliaji aanze: "Wewe ni binti wa miaka 16, umetumwa pwani kununua samaki. Mvuvi anakwambia, weka hela yako, chukua fungu zima, tutaonana jioni." Unachukua na kunyamaza? Unakataa na kurudi mikono mitupu? Unachukua kisha unamwambia shangazi? Ukichukua, msimuliaji asikugombeze. Aendeleze tu hadithi: jioni imefika, na mvuvi yuko njia panda. Wavulana nao wawe yule binti, na wasichana wawe mvuvi. Mchezaji asiseme "ningekataa", aseme maneno yenyewe kwa mdomo wake. Utaona ulimi unavyokuwa mzito mara ya kwanza, na unavyolegea mara ya tatu.

Mwenzenu akinyamaza ghafla au machozi yakimlenga, simamisheni mchezo. Pengine kwake hiyo si hadithi. Msimuulize mbele za watu. Mmoja anayeaminika akae naye pembeni, amsindikize kwa mtu mzima anayemwamini au zahanati, au wapige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.