Hesabu ya fizikia ya mwanafunzi inayookoa mali ya mfanyabiashara

Mtu anayerejea nyumbani baada ya miaka mingi ugenini hafungashi nguo tu. Katika mizigo huwamo birika la umeme, pasi, pengine na televisheni. Naye mfanyabiashara anayepita Rusumo, Gatuna au Rubavu hubeba betri, paneli za sola na mabunda ya nyaya. Wote wawili wanahitaji hesabu ambayo mtoto wa sekondari huifanya darasani, lakini ni nadra kumuuliza.

Hesabu hiyo ina mambo matatu. Volti ni msukumo wa umeme, kama urefu wa mnara wa tangi la maji. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, yaani mkondo. Omu ni ukinzani, kama wembamba wa bomba unaozuia maji kupita. Kanuni ni fupi: volti ni ampea mara omu. Aliyeieleza mwaka 1827, Mjerumani Georg Simon Ohm, alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne. Kanuni ya pili hutoa nguvu ya kifaa: wati ni volti mara ampea.

Birika kutoka ng'ambo

Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki ni kati ya volti 220 na 240. Tuseme birika lililonunuliwa Marekani limeandikwa volti 120, wati 1,200. Je, likichomekwa kwenye volti 230 kutatokea nini?

Mwanafunzi aanze na anachokijua. Wati 1,200 gawanya kwa volti 120, anapata ampea 10. Volti 120 gawanya kwa ampea 10, anapata ukinzani wa omu 12. Ukinzani huo haubadiliki sana kwa kuvuka mpaka. Sasa agawanye volti 230 kwa omu 12: anapata ampea 19 na ushei. Azidishe kwa volti 230: ni zaidi ya wati 4,400.

Hapa ndipo wengi hupoteza alama. Hudhani volti zikikaribia mara mbili, nguvu nayo itakaribia mara mbili. Kumbe ampea nazo zimeongezeka, kwa hiyo nguvu inakaribia mara nne. Darasani ni alama zinazopotea. Nyumbani ni birika linaloungua, na huenda moto ukashika waya. Kinyume chake, chaja yenye maandishi 100–240V haina tatizo. Soma kibandiko kabla ya kulipia nauli ya mzigo.

Sola nzuri, waya mbaya

Kwa wauza sola hasara huja kwa njia nyingine. Mteja ana kibanda cha kuchaji simu chenye vifaa vya wati 120 vinavyotumia betri ya volti 12. Mkondo wake ni ampea 10. Betri iko nyumbani, mita 20 kutoka kibandani. Amenunua waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ambao ukinzani wake ni takriban omu 7.4 kwa kilomita.

Umeme huenda na kurudi, hivyo waya unaohesabiwa ni mita 40, si 20. Ukinzani wake ni karibu omu 0.3. Zidisha kwa ampea 10: volti 3 zinapotea njiani na kibandani zinafika 9 tu. Taa zinafifia, simu hazijai, na mteja anarudi sokoni akilalamika kuwa ameuziwa betri bandia. Betri ni nzima. Ikisogezwa hadi mita 4 kutoka kibandani, upotevu unashuka hadi karibu volti 0.6. Muuzaji anayejua hesabu hii hulinda jina lake bila kurudisha fedha za mtu.

Aidha, betri mbili za volti 12 zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 24. Zikiunganishwa sambamba volti hubaki 12, ila huchukua muda mrefu zaidi kuisha. Kukosea hapo kunaweza kuunguza redio iliyotengenezwa kwa volti 12.

Soketi nyingi, waya mmoja

Soketi za nyumbani nazo zimeunganishwa sambamba. Kila kifaa hupata volti zote, lakini ampea hujumlishwa. Kwenye ekstensheni ya ampea 10, birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7 na pasi ya wati 1,200 huvuta 5.2. Jumla ni ampea 13.9. Waya unapata moto ilhali kila kifaa, kikiwa peke yake, hakina kosa.

Plagi ya pini tatu za mraba inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania huwa na fyuzi ndani. Plagi ya pini za mviringo haina. Anayeikata ya kwanza ili kufunga ya pili ajue ameondoa kinga hiyo, na kilichobaki ni fyuzi au swichi ya kinga ya nyumba.

Mzazi na daftari

Familia nyingi zilizorejea Rwanda kutoka Tanzania zina watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Hapa mafunzo ya sekondari ni kwa Kiingereza, kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2008. Mtoto anaweza kukwama kwenye swali si kwa sababu hajui kugawanya, bali kwa sababu hajui swali linataka nini.

Mzazi anaweza kusaidia hata kama hajui Kiingereza. Mpe mtoto pasi ya nyumbani asome kibandiko. Aandike anachojua pamoja na kipimo chake, aandike anachotafuta, achague kanuni, ndipo akokotoe. Jibu lisilo na kipimo lirudiwe. Kisha mkabidhi orodha ya bidhaa za safari ijayo, akokotoe ampea za kila kifaa kabla fedha hazijatoka mfukoni.