Bashiri Kwanza, Kisha Washa

Ukiuliza darasani ni kitu gani kinachoungua mshumaa unapowaka, jibu la haraka ni utambi. Basi uzime mshumaa, na moshi mweupe ukiwa bado unapanda, sogeza njiti ya kiberiti inayowaka ndani ya moshi huo, juu kidogo ya utambi bila kuugusa. Moto hushuka ukifuata moshi, na mshumaa huwaka tena. Moshi ule ni nta: iliyeyuka, ikapanda kwenye utambi, ikawa mvuke, na mvuke ndio unaoungua. Hadi hapo ni mabadiliko ya kiumbo, maana nta imebaki nta. Inapoungua, inazaa maji na kaboni dayoksaidi, vitu vipya kabisa: hayo ni mabadiliko ya kikemikali. Mwanasayansi Michael Faraday aliwaonyesha vijana jambo hili mjini London msimu wa Krismasi wa 1860.

Lakini mshangao peke yake haufundishi. Mwaka 2004, Eric Mazur na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba wanafunzi waliotazama tu majaribio ya fizikia walielewa karibu sawa na wale ambao hawakuyaona. Walioambiwa wabashiri kwanza waliwazidi. Hao walikuwa watu wa chuo, ila naamini sababu yake inamhusu hata mtoto wa shule ya msingi. Ning'iniza fito kwa uzi, uisawazishe ikiwa na waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria upande mmoja, kisha kila mwanafunzi aandike: ukiungua, utakuwa mwepesi au mzito? Aliyezoea kuni kuishia majivu ataandika mwepesi. Waya unaungua, na upande wake unashuka, kwa sababu chuma kimeungana na oksijeni ya hewani. Sasa mtoto analazimika kuuliza uzito wa kuni ulikwenda wapi, na hapo ndipo atakapoifikiria gesi isiyoonekana.

Walimu watasema madarasa yamefurika, maabara hakuna, na mtihani unasubiri. Fito moja inatosha darasa zima, kwani kazi kubwa ni kubashiri, na hiyo kila mtu anaifanya kwenye daftari lake. Kuhusu mtihani, kukariri dalili za badiliko la kikemikali ndiko kunakoponza: soda ikifunguliwa hutoa gesi, lakini si kitu kipya, kwani gesi hiyo ilikuwa imeyeyushwa humo tangu kiwandani. Hoja ya usalama ni nzito zaidi. Moto auwashe mwalimu, mchanga ukiwa karibu. Kwa watoto wadogo, moto uachwe kabisa. Maji ya rosela yanatosha: ni mekundu, ukitia magadi yanageuka kijani, ukikamulia ndimu ya kutosha wekundu unarudi. Wengi wamefundishwa kwamba badiliko la kikemikali halirudishiki. Kabla ya kukamua ndimu, waulizwe kama rangi itarudi, na waandike sababu.