Je, Wajua? Pawa Ikitoka Kwenye Stelingi, Mzigo Unahamia Begani

Gari dogo la zamani likianza kudondosha oili ya stelingi kwenye mchanga wa Tabora, mwenye gari hupewa ushauri wa aina mbili: "nunua pampu nyingine," au "itoe tu, utazoea." Kabla hujachagua, soma haya. Mji huu ulikua kwa mabega ya watu, na una la kumwambia anayetaka kurudisha kazi ya mashine mikononi mwake.

KWANZA, MANENO

Je, wajua kwamba usukani ulianza majini? Neno limetoka Kiarabu, na lilikuwa la chombo: ule ubao wa nyuma ya jahazi unaokata maji na kuligeuza. Gari lilipokuja, likalirithi. "Stelingi" limetoka Kiingereza, na gerejini ndilo linalosikika zaidi.

Je, wajua kwamba msafara nao ulikuwa na mshika usukani? Aliitwa kirangozi. Alitangulia na bendera, na mpagazi aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Penye njia panda aliweka matawi kwenye njia isiyofuatwa, ili walio nyuma wasipotee.

ENZI ZA MABEGA

Je, wajua kwamba njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,200, na Tabora ndiyo iliyokuwa kituo chake kikuu cha bara? Tangu 2006 njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ni njia ya pembe za ndovu, na ni njia ya machozi ya watumwa.

Je, wajua kwamba Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani?

Je, wajua uzito wa mzigo wa mpagazi? Wanyamwezi, mabingwa wa kazi hiyo, walibeba hadi frasila 2, karibu kilo 32, kila siku, kwa miezi. Sasa linganisha: pampu ya pawa ya gari dogo, hozi zake na chupa yake ya oili mara nyingi havifiki hata kilo 10. Anayetoa pawa ili gari liwe jepesi amepunguza chini ya theluthi ya mzigo wa mpagazi mmoja.

Je, wajua kwa nini mzigo huo haukuwekwa mgongoni mwa ng'ombe au punda? Ndorobo. Kuumwa na mbung'o hao kuliua mifugo njiani, basi bega la binadamu likabaki kuwa chombo cha uhakika.

Je, wajua kwamba hata tembo walijaribiwa? Mwaka 1879 tembo 4 kutoka India walishushwa Msasani kwa gharama ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waende bara wakaonyeshe kama wangeweza kubeba badala ya watu. Wengi walikufa. Wapagazi wakaendelea na kazi.

Je, wajua kwamba David Livingstone alikaa Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora, akisubiri mabega? Stanley, aliyekuwa amekuja kumtafuta, alimwacha hapo Machi 1872 akaenda pwani kumtafutia watu. Livingstone hakuondoka hadi Agosti, walipowasili.

Je, wajua kona kubwa kuliko zote iliyowahi kukatwa hapa? Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikambidi auzungushe msafara wake kupitia kusini.

Je, wajua kwamba mashine iliyouondoa mzigo mabegani haina usukani kabisa? Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Dereva wa treni huongeza mwendo na kufunga breki tu. Kona zote zimeshakatwa na waliotandika reli.

CHINI YA BONETI

Je, wajua baba wa pawa stelingi? Ni mhandisi Mmarekani Francis Davis, aliyeifunga kwenye gari la Pierce-Arrow mwaka 1926. Ilichukua miaka 25 hadi gari la kawaida la abiria liuzwe nayo: Chrysler Imperial ya 1951.

Je, wajua inavyofanya kazi? Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma oili hadi kwenye reki, chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu. Ukigeuza usukani, vali inaipeleka oili upande mmoja wa pistoni iliyomo ndani ya reki, nayo inakusaidia kusukuma magurudumu. Pampu huzunguka hata unaponyoosha barabara ya Nzega bila kona, ikila nguvu kidogo ya injini muda wote.

Je, wajua kwamba pawa ikifa usukani haukatiki? Chuma bado kimeungana kutoka mikononi mwako hadi kwenye gurudumu. Utageuza, ila utatoka jasho.

Je, wajua kwamba Volkswagen ile ya mgongo wa chura haikuwahi kuwa na pawa, hadi ya mwisho iliyotoka kiwandani Mexico mwaka 2003? Na stelingi yake haikuwa ngumu, kwa sababu injini ilikaa nyuma, mbele kukawa kwepesi.

Je, wajua kwamba reki ya pawa na reki isiyo na pawa hazifanani hata kwa meno? Isiyo na pawa hukutaka uzungushe usukani mara nyingi zaidi, karibu mara 4 kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ya pawa huwa karibu mara 3. Mizunguko ikiwa mingi, kila mmoja unakuwa mwepesi. Mhandisi aliugawa mzigo vipande vidogo, kama msafara ulivyougawa kwa watu wengi.

Je, wajua kwamba si kila pawa ina pampu? Suzuki Cervo ya 1988 ilitoka na mota ya umeme badala ya oili, na Vitz nyingi zinazotembea mitaani kwetu zina mota hiyo. Huko hakuna hozi ya kuvuja wala pampu ya kung'oa. Haya yanayofuata yanahusu magari ya oili, kama Starlet na Corolla nyingi za miaka ya tisini.

UKITAKA KUITOA

Je, wajua kosa la kwanza? Ni kukata mkanda na kuondoka. Stelingi itakuwa ngumu kuliko ya gari lile lile lililotengenezwa bila pawa. Sababu ni mbili: reki bado ni ile ya mizunguko michache, na sasa mikono yako inaisukuma oili iliyonasa ndani.

Jaribu uone mwenyewe. Gari lizimwe, mbele kupigwe jeki na kuwekewa stendi imara, magurudumu yaning'inie. Zungusha usukani polepole. Utahisi uzito laini, mzito kama wa kukoroga uji, ingawa matairi hayajagusa chini. Huo si uzito wa gari. Ni oili inayohamishwa kutoka chumba kimoja cha reki kwenda kingine kupitia vijitundu vyembamba. Fundi akifungua hozi mbili za reki, oili hutoka kwa vishindo kila unapogeuza, kushoto, kulia, na ghafla usukani unakuwa mwepesi mkononi. Ukishauhisi mwenyewe, huhitaji maelezo zaidi.

Je, wajua kwamba matundu ya reki hayaachwi wazi? Vumbi la kiangazi likiingia, linasaga sili na chuma. Wengine huunganisha matundu mawili kwa kipande cha bomba ili oili izunguke humo humo. Vumbi halitaingia, lakini sehemu ya ule uzito wa uji itabaki.

Je, wajua kwamba fundi makini huishusha reki na kuifungua? Huitoa sili ya pistoni inayobana ndani, hupaka grisi kwenye meno, kisha huziba matundu. Hapo ndipo unapopata unafuu wa kweli.

Je, wajua kwamba ndani ya stelingi ya pawa kuna kijiti cha chuma kilichotengenezwa kijipinde kidogo? Ndicho kinachofungua vali. Pawa ikitoka, kujipinda huko hubaki kama kucheza kidogo katikati ya usukani. Wapo wanaokichomelea ili kisicheze. Mtu wa kawaida asikubali: uchomeleaji mbaya ukikatika penye kona, ni hatari kubwa.

Je, wajua njia iliyo salama kuliko zote? Tafuta reki nzima ya gari la aina hiyo hiyo lililotoka kiwandani bila pawa, pamoja na tairodi zake, kisha upige alaimenti. Starlet nyingine zilitengenezwa hivyo. Ukiikosa, kukarabati pampu iliyopo ni uamuzi wa busara.

Je, wajua kwamba mkanda mmoja unaweza kuwa na kazi tatu? Kwenye baadhi ya injini mkanda wa pawa ndio huo huo unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Ukiutoa bila kuweka wenye urefu unaofaa, betri haitachaji na injini itachemka kabla hujafika mbali.

Je, wajua kwamba huenda pawa haina kosa lolote? Matairi yaliyokosa upepo, matairi mapana kuliko yale ya kiwandani na bolijointi zilizokauka, vyote hufanya stelingi iwe ngumu. Pima upepo kwanza. Ni kazi ya dakika 5.

Je, wajua kwamba sehemu ngumu zaidi ni gari likiwa limesimama? Tairi lisilozunguka linakwaruza ardhi badala ya kuviringika. Wazee wa Bedford na Land Rover walilijua hili: acha gari litembee kidogo, ndipo ukate.

Je, wajua kwamba stelingi ni jambo la sheria? Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka gari lililo barabarani liwe katika hali salama. Ukiibadilisha stelingi, waambie watu wa bima. Usingoje ajali ndiyo iwaambie.

LA MWISHO

Je, wajua swali ambalo fundi anayesema "utazoea" mara nyingi hulisahau? Nani ataendesha? Kijana mwenye mikono ya kupiga matofali atazoea kwa wiki moja, na huenda akaipenda stelingi inayomweleza kila jiwe la barabarani. Lakini gari dogo hapa kwetu ni la nyumba nzima. Kesho litamchukua shangazi mwenye bega linalouma, atakayelipaki sokoni katikati ya baiskeli za asali. Keshokutwa litamkimbiza mama mjamzito hospitalini usiku, na atakayelishika ni yeyote aliyekuwapo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walioketi kwenye machela, wakibebwa kuelekea Unyanyembe, eneo la Tabora, waliuona mzigo wa mpagazi kuwa mwepesi. Kabla hujaing'oa pampu, mwite kila anayeendesha gari hilo, mmoja mmoja. Zima injini, mkalishe kwenye kiti cha dereva, matairi yakiwa chini, kisha mwambie ageuze usukani hadi mwisho. Usimuulize kama ataweza. Tazama mabega yake.