Vioo vya Pembeni Vinavyopashwa Joto: Swichi Tuliyoisahau

Magari mengi ya familia katika barabara zetu yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, nchi ambayo majira yake ya baridi huleta theluji na barafu. Yamekuja na vifaa vya huko, na yamekuja pia na vitabu vya maelekezo vya Kijapani, ambavyo wengi wetu huviacha vimelala ndani ya gari hadi siku linapouzwa. Miongoni mwa vifaa hivyo ni vioo vya pembeni vinavyopashwa joto. Wapo walioendesha gari lenye vioo hivyo kwa miaka wasijue kuwa wanavyo.

Tazama kwenye dashibodi: ipo swichi yenye alama ya mstatili na mishale mitatu iliyopindapinda kuelekea juu. Wengi huifahamu kuwa ni ya kioo cha nyuma. Katika magari mengi swichi hiyohiyo hupasha joto na vioo vya pembeni, iwapo gari liliundwa navyo. Mengine yana swichi ya peke yake yenye mchoro wa kioo cha pembeni. Nyuma ya kioo hubandikwa utando mwembamba wenye nyaya. Umeme ukipita humo, kioo hupata joto na umande hukauka.

Huenda msomaji wa Tanga au Dar es Salaam akauliza, joto hili la nini tena? Na awaulize wanaopeleka watoto kwa babu na bibi Lushoto, Njombe au Makete mwezi wa Juni na Julai, wanaotoka baada ya Swala ya Alfajiri ukungu ukiwa umetanda. Dereva huyo hushusha dirisha akafuta kioo kwa kiganja huku gari likienda, kisha umande hurudi. Kile cha upande wa kushoto hakifikii kabisa, na huko ndiko bodaboda hupenyea.

Utaratibu salama ni kuwasha swichi mapema, injini ikiwa tayari inanguruma, kabla gari halijaondoka. Injini ikiwa imezimwa, umeme huo hutoka kwenye betri peke yake, na betri iliyochoka inaweza kukuacha hapohapo ulipo. Vioo vikishakauka, zima. Magari mengi hujizima yenyewe baada ya dakika kadhaa, lakini si yote. Mvua kubwa ikinyesha usitarajie muujiza: matone huja kwa kasi kuliko joto linavyoyakausha, na hapo dawa ni kupunguza mwendo.

Mafundi wengine humwambia mteja akiguse kioo ili ajue kama kinafanya kazi. Sisi hatuoni busara yake, kwa kuwa watengenezaji wenyewe huonya kwamba kioo kinaweza kuwa cha moto, na vidole vya watoto huiga vya wakubwa. Inatosha kuangalia umande unavyotoweka.

Penye hatari zaidi ni pale kioo kilipovunjika au kilipoibiwa, jambo ambalo wakazi wa mijini hawahitaji kusimuliwa. Kioo cha bei nafuu kinachowekwa badala yake mara nyingi hakina utando wa joto, na zile nyaya mbili huachwa zikining'inia wazi ndani ya ganda. Zikigusana, fyuzi itakatika. Atakayeweka fyuzi kubwa zaidi ili "isisumbue" ameondoa kinga ya nyaya zote za njia hiyo, na nyaya zinazochemka huweza kuwasha moto. Mwambie fundi umeme azifunge kila moja peke yake, au akutafutie kioo chenye utando wake. Kioo chenye ufa nacho kisipashwe joto hadi kibadilishwe.

Tukumbuke pia kwamba kioo kikavu hakionyeshi kila kitu. Katika magari mengi, kile cha upande wa abiria kimebinuka kidogo, hivyo gari linaloonekana mbali huwa karibu zaidi. Na mtoto mdogo aliyechutama nyuma ya gari uani haonekani katika kioo chochote cha pembeni, hata kingesafishwa vipi. Kabla ya kurudi nyuma, dereva ashuke azunguke gari, au mtu mzima asimame na watoto barazani hadi gari litoke getini.