Kagera: Jeshi lilipovuka mpaka, hoja zikafuata

Julai 1979 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, walikutana Monrovia, Liberia. Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikuwa ameshaikimbia Kampala tangu Aprili, na haikuonekana kwamba wapo wengi waliomlilia. Lakini aliyewekwa kikaangoni pale ukumbini alikuwa Rais Julius Nyerere wa Tanzania. Rais Jaafar Numeiri wa Sudan, aliyekuwa akimaliza zamu yake ya uenyekiti, na Jenerali Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingiza jeshi nchi ya jirani na kuiangusha serikali yake.

Mtu atauliza: kosa liko wapi, iwapo Amin ndiye aliyeanza? Jibu limo katika dhana chache ambazo wasomi wa uhusiano wa kimataifa huzirudia kila siku, na sijui tukio la Afrika Mashariki linalozionyesha vizuri kuliko vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kati ya Tanzania na Uganda.

Dhana ya kwanza ni mamlaka ya dola. Kila nchi, kubwa kwa ndogo, ndiyo yenye kauli ya mwisho ndani ya mipaka yake, na juu yake hakuna serikali nyingine ya kuiamuru. Umoja wa Mataifa si serikali ya dunia. Ni baraza la serikali. Kutokana na hapo huja kanuni ya pili, kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mkataba wa OAU uliotiwa saini Addis Ababa Mei 1963 uliziweka kanuni hizi mbele kabisa, na sababu zilikuwepo: nchi zilizotoka jana chini ya wakoloni ziliogopa kurudiwa na wakubwa, na ziliogopana zenyewe kwa zenyewe.

Hofu hiyo ilihusu mipaka hasa. Tazama ramani ya Kagera. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hilo kwa kufuata nyuzi moja kusini mwa ikweta, mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, bila kujali mto wala watu. Mto Kagera ukabaki kusini mwake, na kati ya mto na mstari kikapatikana kipande cha ardhi cha kilomita za mraba 1,800 hivi, ambacho leo ni Tanzania. Mkutano wa OAU wa Cairo mwaka 1964 uliamua kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe ilivyo, hata ile ya kipuuzi. Azimio hilo lililetwa na Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Tanzania ya leo. Kwa hiyo Amin alipotangaza mwanzoni mwa Novemba 1978 kwamba kipande hicho sasa ni cha Uganda na mpaka ni mto, alikuwa amekiuka mambo mawili kwa mpigo: mipaka ya Tanzania na makubaliano ya bara zima.

Ila ugomvi ulikuwa wa zamani kuliko hapo, na hapa ndipo pa kutazama utambuzi. Amin alipompindua Rais Milton Obote Januari 1971, Uingereza iliitambua serikali yake ndani ya siku chache. Desturi ya serikali nyingi ni kwamba anayeushika mji mkuu na kuidhibiti nchi ndiye wa kuzungumza naye, awe mwema au katili. Nyerere alikataa. Alimpa Obote hifadhi kwa heshima zote, na hakukubali kukaa meza moja na Amin. Kwa kuwa chombo cha juu cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikuwa ni marais watatu wenyewe, kikao chao hakikufanyika tena, na hilo lilichangia Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Kumnyima mtu utambuzi ni silaha, na kama silaha nyingine, ina gharama kwa anayeitumia.

Wasomi wana jina kwa kilichofuata: mtanziko wa usalama. Nchi moja inachukua hatua inayoiona ni ya kujikinga, jirani anaiona ni maandalizi ya kumpiga, naye anajizatiti, na hofu inapanda pande zote mbili. Kwa hili Amin hakuwa anaota tu. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa vibaya, na ilibidi nchi hizo zipatanishwe Mogadishu mwezi uliofuata. Habari hii wengi wetu huiruka tunaposimulia vita vya Kagera kana kwamba vilianza siku daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera lilipolipuliwa.

Hata hivyo uvamizi wa Amin wa 1978 haukuwa na utetezi. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaipa nchi iliyoshambuliwa haki ya kujilinda, na Nyerere alipolihutubia taifa akisema sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin vipo, sheria ilikuwa upande wake. OAU ilituma wasuluhishi lakini haikumlaani mvamizi, jambo lililomkera Mwalimu Nyerere hadi mwisho. Ugumu ulianza baada ya ardhi kukombolewa. Januari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, liliteka Mutukula, ng'ambo ya mpaka. Mwezi uliofuata Masaka na Mbarara. Na Aprili, hata baada ya Libya kuleta askari kumwokoa Amin, Kampala. Haki ya kujilinda ina kipimo: nguvu itumike kwa kadiri ya kuondoa hatari. Je, hatari iliishia mpakani au Ikulu ya Kampala?

Serikali ya Tanzania ilijibu kwamba vita vilikuwa viwili. Vya kwanza vya Tanzania kujilinda, vya pili vya Waganda wenyewe kumng'oa dikteta wao. Vikaenda sambamba tu. Ndiyo maana mkutano wa Moshi wa Machi 1979, uliounda uongozi wa Uganda mpya, ulikuwa na umuhimu uliozidi ukubwa wake. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni dhaifu kijeshi, kwani aliyebeba mzigo wa kwenda Kampala ni JWTZ, lakini kidiplomasia ilikuwa ya lazima. Watu wa mrengo wa uhalisia hufundisha kwamba mwenye nguvu hufanya atakalo na maneno ni pambo. Kagera inawapa nusu ya haki: hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuizuia Tanzania. Nusu ya pili inawakwepa, maana mshindi aliona ni lazima ajieleze, na alijieleza kwa lugha ya kanuni ileile aliyoshtakiwa kuivunja. Hakusema popote kwamba mamlaka ya dola hayana maana. Pale Monrovia, Rais mpya wa Uganda, Godfrey Binaisa, ndiye aliyegeuza kibao kwa kuuliza OAU ilikuwa wapi Waganda walipokuwa wakiuawa.

Swali hilo lilichukua miaka zaidi ya ishirini kupata jibu la kisheria. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, iliendelea kuikataza nchi moja kuingilia nyingine, lakini kifungu cha 4(h) kikaupa Umoja wenyewe haki ya kuingia panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kilichokuwa uamuzi wa mtu mmoja Dar es Salaam kikawa, kwa maandishi, haki ya wote kwa pamoja.

Haki hiyo ilijaribiwa Desemba 2015, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilipoidhinisha askari 5,000 waende Burundi. Rais wa Burundi wakati huo, Pierre Nkurunziza, alisema wakija bila ridhaa yake atawapiga kama wavamizi. Mwishoni mwa Januari 2016 marais wa Umoja huo walikutana Addis Ababa, na askari hao hawakutumwa.