Mashine Imeingia Kiwandani, Mama Mbanguaji Aende Wapi?

Tulimkuta amekaa kibarazani kwake Chikongola, mjini Mtwara, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anachambua mchele.

"Shikamoo mama," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Karibuni mkekani."

Aliponyoosha mkono kutupokea ndipo tulipoviona vidole vyake. Ncha zilikuwa nyeusi na laini, hazina mistari, zimeliwa na mafuta ya ganda la korosho. Alicheka alipoona tunavitazama. Mwaka 2020, akatueleza, alikwenda kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, na kile kimashine kikavikataa vyote kumi. Kijana aliyekuwa akimhudumia akamfuta kwa kitambaa, akajaribu tena, wapi! "Nikamwambia, mwanangu, alama zangu zimebaki kwenye korosho walizokula Wazungu."

Kwa vidole hivyo mama huyu amesomesha watoto wanne. Alianza kubangua nyumbani kwa kibao na nyundo, baadaye akaajiriwa kiwandani, kwenye meza yenye kisu cha kuvuta kwa mkono na kukanyaga kwa mguu. Msimu mmoja wakaambiwa wasije wote, kwa kuwa mashine mpya zimefika. Wachache walioitwa tena hawakuitwa kubangua, waliitwa kuchambua tu. Yeye hakuitwa.

Mpenzi msomaji, siku hizi hatuwashi redio bila kusikia habari za roboti zitakazochukua kazi za watu. Wengi wetu husikiliza kwa sikio moja, tukidhani hayo ni mambo ya Japani na Ulaya. Wanawake wa Mtwara hawana haja ya kuisubiri habari hiyo. Kwao imekwisha kufika, na wala si mara ya kwanza.

Kazi yenyewe

Asiyewahi kubangua korosho haelewi kwa nini kazi hii ilikaa mikononi mwa wanawake muda mrefu hivyo. Korosho haina umbo moja. Moja nene, nyingine nyembamba, nyingine imepinda. Ndani ya ganda mna mafuta makali yanayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta kabla ya kuanza. Ganda likishapasuliwa, punje hukaushwa, kisha humenywa ule utando mwekundu kwa kisu kidogo, halafu hupangwa kwa madaraja. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya punje.

Sokoni, punje nzima ndiyo yenye bei. Ikivunjika hushuka daraja, na bei hushuka nayo. Daraja linalojulikana kuliko yote huitwa 320, maana yake punje zisizozidi 320 kwenye ratili moja, zote nzima. Mkono wa mama ulijua ni wapi pa kupasua na ni nguvu kiasi gani. Mashine ilichukua miaka mingi kujifunza hilo.

Walioikimbilia mashine mapema

Wazee wa Mtwara wanakumbuka vizuri. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, na Serikali ikaona ni aibu kuzipeleka India zikabanguliwe huko kisha faida ibaki huko. Kwa mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda vikubwa vyenye mitambo ya Italia na Japani, katika miji kama Mtwara, Newala, Masasi na Lindi. Vilikuwa 12 kwa jumla, na vingeweza kubangua zaidi ya tani 110,000 kwa mwaka.

Lakini viwanda vilipokuwa vinakamilika, korosho zenyewe zilikuwa zinatoweka. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaikausha mikorosho maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mitambo yenyewe nayo ilivunja punje nyingi, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Kiwanda kimoja baada ya kingine kikanyamaza. Baadaye viliuzwa kwa watu binafsi, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho zilezile zinazosubiri meli.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu tumewasikia watu wakisema, "Mashine zilishindwa zamani, zitashindwa tena." Sisi hatuna hakika. Mashine za leo si zile.

Mikorosho ilirudi, hasa baada ya wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, kuwafundisha wakulima kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga. Msimu wa 2017/18 zilivunwa zaidi ya tani 300,000. Lakini sehemu kubwa sana ya korosho zetu bado inapakiwa ghafi, ganda na yote, kwenda India na Vietnam.

Vietnam ndiyo iliyobadilisha mambo. Mafundi wake walitengeneza mashine zinazotenganisha korosho kwa ukubwa, zikazishika na kuzipasua kwa visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la ganda. Utando hupeperushwa kwa hewa yenye shinikizo. Mwisho wa mstari kuna mashine yenye kamera: punje zinapita mbele yake kama mvua, kamera inaona iliyo na doa, na pumzi kali ya hewa inaitupa pembeni kabla haijaanguka. Hiyo ni roboti, mpenzi msomaji, ingawa haina kichwa wala miguu. Inafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na macho ya wanawake waliozunguka meza ndefu.

Kollam, kule Kerala nchini India, ambako maelfu kwa maelfu ya wanawake waliishi kwa kubangua kwa mkono, viwanda vingi vimefungwa katika miaka ya karibuni kwa kushindwa kushindana. Na ng'ambo yetu ya Ruvuma, Msumbiji, wanawake waliumizwa kwa njia nyingine. Miaka ya 1990 nchi hiyo ilishauriwa kupunguza ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Korosho zikaondoka zikiwa na maganda, viwanda vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hapo hapakuwa na mashine yoyote mpya iliyoingia. Kazi ilipanda meli tu ikaenda zake.

Ndiyo maana sisi hatuungani na wanaosema kwamba tukizizuia mashine Mtwara tutakuwa tumeziokoa kazi za akina mama. Kila gunia ghafi linalopita bandarini limebeba ndani yake siku za kazi za mwanamke fulani, na huko liendako linapokelewa na mashine. Mashine imekwisha kumnyang'anya kazi bila hata kumwona.

Fedha ya nani?

Lakini pia hatuungani na wale wanaosema, kama bwana mmoja alivyotuambia pale mjini, kwamba mashine "imewapumzisha akina mama." Mama wa Chikongola alipolisikia neno hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi sikuomba kupumzika."

Hapa pana jambo ambalo wanaume wanaopanga mambo ya viwanda hawalioni kwa urahisi. Korosho ghafi huuzwa mnadani, na malipo huingia kwenye akaunti ya mwenye shamba. Katika nyumba nyingi mwenye shamba ni baba. Fedha hiyo huja mara chache kwa mwaka, ikiwa nyingi kwa mkupuo, na kila mke wa Kusini anajua visa vya msimu: pikipiki mpya, wageni wasiokwisha, na wakati mwingine mke mwingine. Fedha ya kubangua ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa ndogo, ilikuja kila baada ya wiki mbili, na iliingia mkononi mwa mama. Ndiyo iliyonunua sabuni, daftari na dawa ya mtoto usiku wa manane.

Kazi hiyo ikiondoka, mapato ya nyumba yanaweza kuonekana yale yale kwenye karatasi, maana bei ya korosho inaweza hata kuwa nzuri mwaka huo. Kilichopungua ni ile sehemu ambayo mama hakuhitaji kuiomba. Mama yetu huyu, ambaye mumewe ni mtu mwema na hakumsema vibaya hata mara moja, alituambia siku hizi anaomba nauli ya kwenda kumwona dada yake Msimbati. "Ananipa. Lakini naomba."

Kwa kuwa alitaja Msimbati, tulifika huko pia, karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Ni pwani ya gesi hiyo, iliyogunduliwa mwaka 1982. Mitambo ya kuisafisha ya Madimba ilianza kazi mwaka 2015, na bomba la zaidi ya kilomita 500 huipeleka Dar es Salaam usiku na mchana. Bomba halihitaji wapagazi. Mwaka 2013, vijana wa Mtwara walipozua vurugu kupinga gesi isipelekwe Dar es Salaam, mali ziliharibiwa na watu walipoteza maisha, na hatulitetei hilo. Lakini swali lao, la kazi zitakazobaki hapa, ni lile lile la mama mbanguaji.

Kama kikundi chenu kinafikiria kununua mashine

Tulizungumza na wanawake wa vikundi vya kubangua, na ushauri wao tunaupitisha kama ulivyo. Wanasema kosa la kwanza ni kumaliza fedha yote kwenye mashine. Korosho huvunwa zaidi kati ya Oktoba na Desemba, na asiyeweka akiba ya kununua ghafi wakati huo atakuwa na mashine inayolala hadi msimu ujao. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. Wakati wa kuandika maombi, wakasema, hesabuni magunia kabla ya kuhesabu mashine.

La pili, muulizeni muuzaji ni punje ngapi kati ya mia zitatoka nzima, na afanye jaribio mbele yenu kwa korosho zenu wenyewe, si zile alizokuja nazo. Visu vya mashine huwekwa kwa ukubwa maalumu. Ukimwaga humo korosho ambazo hazijatenganishwa utapata vipande.

Na la tatu lilisemwa na mwanamke mmoja kwa sauti ya uchungu kidogo: fundi awe mmoja wenu. Kikundi chao kilikaa majuma matatu kikimsubiri kijana kutoka mjini abadilishe mkanda. Alipofika, kazi ilimchukua dakika kumi, na malipo yake yalikuwa zaidi ya walichopata mwezi ule.

Hilo tulilirudisha kibarazani Chikongola. Kitinda mimba wa mama huyu, binti aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni. Anataka kusomea umeme katika chuo cha VETA hapa Mtwara. Baba yake angependa ushonaji. Mama alikuwa hajasema lake, au labda amelisema tukiwa hatupo.

"Hiyo mashine yao," binti akauliza, "visu vyake vinanolewa au vinabadilishwa?"

Hatukujua. Mama ndiye aliyejibu. Siku za mwisho kiwandani alikuwa ameiangalia vizuri ikifunguliwa, na akaanza kuchora kwa kidole juu ya mkeka visu vinavyokaa, na mahali ambapo ganda husongamana likaizuia.

Tulipoaga alitufungia korosho kwenye karatasi. "Hizi nimebangua mwenyewe," akasema. Tulizihesabu njiani. Zilikuwa arobaini na mbili, na iliyovunjika ilikuwa moja.