Kutopenda wimbo wa nyota si kumtukana: juu ya nini wapenzi wa muziki wanakasirika?

Sema tu ku nganda, mbele ya watu, kama wimbo wa Fally Ipupa haukupendezi. Mbele ya chupa ya kwanza kuisha, utaulizwa kama una wivu, kama unajua muziki, na mwisho hata kwenye ulizaliwa. Wimbo wenyewe umesahauliwa. Juu ya nini?

Sababu ya kwanza ni ya zamani. Mwaka 1997, Wenge Musica BCBG ilipasuka. JB Mpiana alibaki na jina la BCBG, Werrason na wenzake wakaunda Wenge Musica Maison Mère. Toka pale, kijana alipashwa kuchagua upande. Werrason alipoimba ku Bercy, mjini Paris, mwaka 2000, na JB Mpiana mwaka 2001, wapenzi wao walilinganisha kama ni mechi ya mpira. Ukikosoa wimbo mumoja, mwenye upande anasikia kama timu yake imefungwa bao.

Sababu ya pili: mutu hapendi sauti tu. Wimbo ule ulipigwa siku ya ndoa yake, ao ulimtuliza wakati wa shida. Ukigusa mwimbaji, anaona umegusa maisha yake.

Ya tatu ni sifa. Mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo ndani ya urithi wa dunia. Wengine wanasema: kama dunia nzima inasifu, wewe ni nani? Lakini UNESCO iliheshimu rumba, mali ya Kongo zote mbili. Haikusema kila wimbo wa kila nyota ni muzuri. Sifa ya wengi hailazimishi sikio la mutu.

Hata hivyo, kukosoa kuna njia. Kusema "huyu ni bure" hakusaidii mutu. Kusema "mabanga ni mengi, majina ya watu yanafunika maneno ya wimbo", ao "sebene imekuja mbio sana", hapo mwenzako anaweza kukujibu: "Basi sikiliza gitaa vizuri." Hayo ni mazungumzo. Lakini jibu likigusa kabila, jimbo ao mama ya mutu, si muziki tena. Huku mashariki, maneno ya namna ile yamekwisha kuumiza watu vya kutosha.

Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2022, JB Mpiana na Werrason walisimama tena pamoja, ku Stade des Martyrs, Kinshasa, na wenzao wa Wenge. Wakubwa wenyewe wamekwisha kushikana mikono. Na wale waliokosana na rafiki ao ndugu juu yao, wanangojea nini?